Mtoto akikataa kwenda kwa mjomba

Dada, unauliza kama umlazimishe binti yako wa miaka 7 kulala tena kwa mjomba ambaye ghafla anamwogopa. Usimlazimishe, tafadhali. Kaeni wawili tu, hata mkimenya matooke, umwulize polepole kuna nini, kisha unyamaze umsikilize. Usimwekee maneno mdomoni. Akisema ameguswa, mwamini na umwambie hana kosa. Kama ni juzi au leo, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mfikishe kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia VVU zina muda huo tu. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto hapa Uganda iitwayo Sauti, ni bure. Na wazee wakitaka mjomba alipe mbuzi ili yaishie nyumbani, kataa kabisa: hiyo ni jinai.