Pikipiki ya Safari Ndefu: Ya Bei Nafuu au ya Kifahari?

SWALI: Ndugu Mhariri, natarajia kusafiri peke yangu kwa pikipiki kutoka Nairobi hadi Marsabit, kisha Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Akiba yangu yatosha Royal Enfield Himalayan 411 mpya, au BMW R 1250 GS iliyokwisha kutumika. Ninunue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushauri uchukue Himalayan. Hadi Marsabit ni lami tupu, na huko BMW, yenye nguvu ya farasi 136 dhidi ya 24 hivi za mwenzake, itakupeleka kwa raha isiyo na mfano. Lakini ukitoka Marsabit kuelekea Loiyangalani lami inakwisha, yanaanza mawe na mchanga, na hapo linalohesabika ni uzito. BMW ina kilo zipatazo 249 kabla hujafunga mizigo, nayo Himalayan kilo 199, tofauti ambayo utaihisi mabegani itakapokuangukia jua la utosi na huna wa kukusaidia kuiinua.

Ni kweli kwamba shafti ya BMW, yaani chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma, haihitaji kutiwa oili kila mara kama cheni. Hata hivyo, injini ya Himalayan ni ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, na fundi mzoefu wa pikipiki ataielewa upesi.

Fedha itakayobaki, nunua kwanza kofia ngumu nzuri, buti na tyubu za akiba. Tangi la Himalayan ni la lita 15. Beba dumu la petroli uondokapo Marsabit.