Barua kwa mwanangu: presha, "taifodi kidogo" na sikio la kulia

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Unauliza: zahanati walisema ni presha na taifodi, Muhimbili wakasema ni sikio, sasa baba unamwamini nani? Tena umesikia nimeacha dawa, na nimekataa kipimo cha kichwa ambacho kaka yako alishatuma hela yake. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mama yako ananidakia kabla sijafika katikati.

Namwamini wa pili. Si kwa sababu yuko hospitali kubwa. Ni kwa sababu aliniuliza nilikuwa nimelalaje.

Habari uliyopewa na shangazi yako ni ya mimi kuanguka. Sikuanguka. Ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri, nikageukia kulia nichukue simu, mara chumba kikaanza kuzunguka. Nasema kuzunguka kwelikweli: kabati lilikuwa linakimbia ukutani, linarudi, linakimbia tena. Nikalishika godoro kwa mikono miwili. Kikatulia baada ya muda wa kusoma Alhamdu taratibu. Nilipoinuka kikarudi, nikatapika. Nikakaa nimeegemea ukuta bila kugusa shingo, hakuna kitu. Naongea sawasawa, naenda chooni kwa miguu yangu, mikono yote ina nguvu. Kwenye sala, rukuu ilinitikisa kidogo, ila sijida ndiyo ilinipindua, ikabidi nimalizie kwenye kiti.

Jirani yetu akasema nimepitiwa na upepo, akaniletea kombe la aya za Kurani. Nikalinywa kwa heshima yake. Mama yako hakungoja litulie tumboni, akaita bajaji.

Sasa hapa usiwe na haraka ya kuwalaumu wale wa zahanati kama ulivyoanza. Mzee wa miaka 63 anatapika, anasema dunia inazunguka, mke wake analia pembeni: nani asingeogopa kiharusi? Wakanipima presha palepale nikiwa bado natetemeka, 172 kwa 98. Malaria hakuna. Kipimo cha taifodi, nikaambiwa "inaonekana kidogo". Nikatoka na mfuko: dawa mbili za presha, moja wapo ya kukojoza, antibiotiki ya taifodi, na vidonge vya kutuliza kizunguzungu. Walichokosa ni swali moja tu. Hakuna aliyetaka kujua kinanijia nikifanya nini na kinakaa kwa muda gani.

Hiyo "taifodi kidogo" unaijua, nusu ya mtaa wetu imewahi kuandikiwa. Kipimo chenyewe ni cha Widal, Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza dhidi yake. Kwa mtu aliyekunywa maji ya visima na ya madumu ya Dar es Salaam maisha yake yote, kingamwili hizo zinaweza kuwa zimebaki tangu zamani, au zimeletwa na mdudu mwingine wa ukoo huohuo, hata na chanjo. Kipimo kimoja cha siku moja hakiwezi kusema ni ya leo au ya mwaka juzi. Anayetaka uhakika huotesha damu maabara. Na taifodi ni ugonjwa wa homa, homa inayokaa siku na siku. Mimi sikuwa na homa hata ya kumfanya mama yako anishike paji la uso.

Presha ni jambo zito zaidi, nitakuja nayo.

Nilimaliza dawa ya taifodi, na kila nikigeukia kulia chumba kinazunguka vilevile. Kisha likaongezeka jingine ambalo halikuwepo mwanzo: nikisimama ghafla kutoka kwenye kigoda, macho yanaingia giza, magoti yanalegea, hatua chache kinaisha. Hakuna kuzunguka hapo, ni kama kuzimia kunakotaka kuja kunaghairi. Mimi nikaona ni ugonjwa uleule unazidi. Ndipo nikaomba rufaa.

Daktari wa masikio, pua na koo ni kijana, sidhani kama anakuzidi umri. Aliniacha nizungumze mpaka nikachoka. Kisha maswali: kinaanza ukigeuka au hata umetulia? Kinakaa sekunde, saa, au kutwa? Sikio linavuma? Unasikia kama zamani? Umewahi kuona vitu viwili viwili? Ulimi ulikuwa mzito? Akanitembeza chumbani, akanisimamisha miguu pamoja, nimguse kidole chake halafu pua yangu.

Baada ya hapo akanikalisha kitandani, akanigeuza kichwa kulia nusu ya njia ya kufika begani, akaniambia nisifumbe macho, akanilaza kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Sekunde chache kimya. Kisha ikaja, ileile ya alfajiri! Nikamkamata koti. Yeye wala hakushtuka, alikuwa anayatazama macho yangu tu. Akasema yanacheza, yanaruka na kujizungusha, yenyewe bila mimi kuyaamuru, kisha yanatulia. Upande wa kushoto akafanya vilevile, hakuna kitu. Kipimo hicho kina majina ya madaktari wawili wa London, Dix na Hallpike, walioandika habari zake mwaka 1952. Hakihitaji mashine wala umeme. Nilimuuliza kwa nini anatazama macho wakati ugonjwa uko sikioni, akanisimulia juu ya daktari wa Vienna, Robert Bárány, aliyekuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji. Maji yakiwa baridi mgonjwa anaona kizunguzungu na macho yanacheza upande mmoja, yakiwa ya moto macho yanacheza upande wa pili. Kwa kulifuatilia jambo hilo akapata tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Habari zilimkuta Urusi, mateka wa vita.

Wewe mtoto wa fundi, pima maji unaijua: kichupa cha maji kinachokuambia ukuta umelala au umesimama. Ndani kabisa ya kila sikio kuna vijia vitatu vilivyopinda vyenye maji ya namna hiyo, kila kimoja na upande wake, na kichwa kikigeuka maji yanauambia ubongo kimegeukia wapi. Jirani na vijia hivyo kuna chembe ndogo sana za kalsiamu kaboneti, ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye mawe ya chokaa yanayochimbwa kule Wazo. Kazi yake ni kutujulisha tumeinama kiasi gani. Umri ukisogea, au mtu akigonga kichwa, au akilala kitandani muda mrefu, baadhi hubanduka. Zikidumbukia kwenye kijia, mara nyingi kile cha nyuma, basi ukigeuka zinateremka na kuyasukuma maji, ubongo unapata taarifa kwamba unazunguka wakati umelala. Zikitua, taarifa inakoma. Ndiyo maana hakidumu hata dakika nzima, na ndiyo maana sijida ilinishinda wakati kutembea hakukunishinda. Kila nililomweleza likapata mahali pake katika maelezo hayo. Maelezo ya presha hayakuweza kunijibu kwa nini kulia na si kushoto.

Tiba yake utacheka. Hakuna sindano. Alinigeuzageuza kichwa na mwili, kulia umelala, kisha kushoto, kisha ubavuni unatazama sakafu, kila mkao unangoja mpaka kitulie, mwisho unakaa. Chembe zinateremshwa njia nzima mpaka zirudi zilikotoka. Aliyebuni ni John Epley wa Oregon, Marekani. Wenzake walimbeza miaka kadhaa kabla makala yake haijachapishwa mwaka 1992. Nilitoka pale nayumba kidogo, baada ya kurudiwa tena kliniki ikaisha. Inaweza kurudi siku nyingine, ameniambia wazi, na ikirudi nisikimbilie vidonge. Vile vya kutuliza vinapunguza kichefuchefu tu, chembe havizigusi, na kwa wazee vikinywewa muda mrefu vingine huleta kutetemeka.

Sasa presha. Hapa ndipo shangazi yako alipopotosha. Sikuacha dawa kwa kichwa changu.

Yule daktari kijana aliposikia habari ya macho kuingia giza, alinipima nimelala, ya juu ikasoma 126. Akanisimamisha, kabla dakika mbili hazijaisha ikasoma 102. Ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, dawa zinaangaliwa upya. Kumbe hicho kizunguzungu cha pili nilikimeza kwa maji asubuhi na jioni. Akanieleza kwamba presha ya juu kwa kawaida haileti chumba kuzunguka. Watu wamejaa Kariakoo wanatembea nayo bila kuhisi chochote, ubaya wake uko hapohapo. Na mtu aliyetoka kutapika kwa hofu, presha kupanda ni kawaida yake. Ili uitwe mgonjwa inatakiwa ipimwe siku tofauti umetulia, na iendelee kufika 140 kwa 90.

Kwa hiyo hela ya kaka yako, sehemu yake ndiyo imenunua mashine ya presha ya mkononi, iliyobaki nimemrudishia na hasira zake. Nimepima nimekaa, mgongo umeegemea, kabla ya chai, naandika daftarini. Nikalipeleka daftari palepale zahanati, kwa daktari yuleyule wa mwanzo. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Inacheza kati ya 138 na 148. Kumbe presha ipo, ila si ile ya kunipa dawa mbili kwa pamoja. Akaondoa ya kukojoza, akaniachia moja kwa kipimo kidogo, na hiyo nainywa mpaka leo. Basi usiseme waliniongopea. Walikamata kitu cha kweli wakakipa kosa lisilo lake.

Kuhusu kipimo cha kichwa. CT, ile picha ya kichwa aliyoilipia kaka yako, ni nzuri kwa kuona damu iliyovuja. Kiharusi kichanga cha nyuma ya ubongo mara nyingi inakikosa, MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ndiyo inaona zaidi. Ningelipa, ningeambiwa kichwa ni safi, na wasiwasi wenu ungebaki vilevile. Daktari hakuona dalili ya kukihitaji, akaniambia ni dalili zipi zingembadilisha mawazo, nami nakupa uzishike kwa ajili ya mama yako na ya wakwe zako pia. Kizunguzungu kilichoanza ghafla na hakiachii hata mtu akitulia. Kushindwa kusimama au kutembea bila kushikwa. Kuona viwili, ulimi mzito, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, au sikio kuziba kusikia kwa ghafla. Hilo la kutembea lishike sana, maana kiharusi cha nyuma kinaweza kuja na kizunguzungu na mwendo wa kuyumba tu, mkono ukiwa mzima kabisa. Hapo hakuna kombe, hakuna zahanati, hakuna kungoja kupambazuke. Ni gari na hospitali kubwa.

Na wewe kapime presha. Umefika miaka ambayo mimi nilikuwa nayo wakati babu yako anapooza.

Akika ya mjukuu nitakuja, inshallah, kwa treni ya SGR, mama yako ameshachagua hata nguo. Kusafiri sikukatazwa. Nilichokatazwa kwa sasa ni ngazi na mapaa, kwa hiyo lile bati la jikoni kwako linalovuja mwambie mumeo atafute fundi mwingine, tena amlipe.

Baba yako,
Yombo Vituka