London Calling ya The Clash: maswali ya wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu London Calling, albamu ya The Clash, bendi ya panki (roki ya kasi na ukali) ya Uingereza, iliyotoka huko tarehe 14 Desemba 1979: santuri mbili, nyimbo 19, dakika zipatazo 65.

Nilitafuta panki, nikakuta wimbo wa tatu una jazi na wa tano una matarumbeta. Nimepata albamu yenyewe kweli?

Ndiyo yenyewe. Panki walikuwa wameshaipiga katika albamu mbili za mwanzo. Hapa wimbo wa pili, Brand New Cadillac, ni rokabili (rock'n'roll ya awali yenye ladha ya kantri), wa tatu, Jimmy Jazz, una mluzi na saksafoni, wa nne, Hateful, umekaa juu ya mdundo wa Bo Diddley, mpiga gitaa wa Marekani, na wa tano, Rudie Can't Fail, mtindo wake umetoka Jamaika moja kwa moja. Ukitaka kujua kwa nini mchanganyiko huo hausambaratiki, achana na gitaa la solo kwanza, fuata besi na dramu. Paul Simonon, mpiga besi, alikulia kusini mwa London akisikia rege. Topper Headon, mpiga dramu, alikuwa amezizoea jazi na soul kabla ya kujiunga na bendi. Wawili hao ndio uti wa mgongo wa albamu nzima.

Nitatofautishaje ska na rege?

Linganisha Wrong 'Em Boyo (wa 11), ambao ni ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, na The Guns of Brixton (wa 10), ambao ni rege. Hesabu kwa sauti: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Katika ska gitaa hukata kwenye kila "na", kwa kasi, huku besi ikitembea bila kupumzika. Katika rege mwendo ni wa polepole na besi huacha mianya ya kimya. Mianya hiyo ndiyo inayoupa The Guns of Brixton vitisho vyake; Simonon aliutunga na kuuimba mwenyewe. Wengi hukosea kwa kuhesabu haraka mno, wakadhani gitaa ndilo linalopiga pigo la kwanza. Ukipotea, acha kuhesabu, gonga mguu pamoja na dramu, kisha anza upya.

Angalia pia kwamba Wrong 'Em Boyo huanza kwa mwendo mwingine kabisa, ukasimama, ndipo ska ikaingia. Faili lako ni zima.

Nasikiliza kwa simu na nyimbo zote naziona sawa tu. Nifanyeje?

Waya mzito wa gitaa la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ndogo ya simu haifiki huko. Unachosikia ni sauti za juu tu za noti, yaani nusu ya albamu imekatwa. Vaa hedifoni, uzime kitufe cha kuongeza besi, kwa sababu huvimbisha noti zikaifunika dramu ya mguu. Zima pia mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Sikiliza kwa pande za santuri: 1 hadi 5, 6 hadi 10, 11 hadi 14, 15 hadi 19, na upumzike kati ya upande na upande. Dakika 65 kwa mkupuo mmoja huchosha sikio geni.

Brand New Cadillac unaongeza kasi, au ni masikio yangu?

Masikio yako ni mazima. Ni wimbo wa Vince Taylor wa 1959, na bendi iliupiga studioni kupasha moto. Headon alitaka urudiwe kwa sababu kasi ilikuwa imepanda. Mtayarishaji Guy Stevens akakataa, na tunaona alifanya vyema. Pima mwenyewe: hesabu mapigo kwa sekunde 15 mwanzoni, halafu 15 karibu na mwisho, zidisha kila jibu kwa nne upate mapigo kwa dakika.

Mbona Train in Vain haumo kwenye jalada langu la zamani?

Uliongezwa dakika za mwisho, baada ya jalada kuandaliwa. Awali ulikusudiwa kugawiwa bure pamoja na NME, jarida la muziki la Uingereza.

The Card Cheat unasikika kama bendi mbili. Walifanyaje?

Kila ala ilirekodiwa mara mbili. Mtu hawezi kurudia noti zake sawasawa kabisa. Tofauti ndogo za muda na za sauti ndizo sikio linazozichukua kama kundi kubwa. Mnaorekodi nyumbani, msinakili mkondo (rekodi ya ala moja) uleule na kuuweka juu ya mwenzake: mtapata sauti kubwa zaidi, wala si nene. Mkiusogeza kidogo bado hufanana na mwangwi wa bomba. Pigeni upya, mwanzo hadi mwisho, kisha mkondo mmoja uende kushoto na mwingine kulia.