Jibu: Farasi aliyetoka mbioni, tumfungie bandani au tumtembeze?

Mkuu, umesema umenunua farasi wa miaka mitatu aliyetoka mbioni, na mtu amekushauri umfungie bandani mwaka mzima ili gegedu za miguu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, zisizidi kulika kama pedi za breki. Tafadhali usifanye hivyo. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, nimefanya kazi mabanda ya Karen na Ngong, huku Nairobi, miaka mingi, na wengi wa farasi niliokabidhiwa walitoka uwanja wa mbio wa Ngong. Ushauri huo nimeusikia sana, na umeharibu wanyama wazuri.

Pedi ya breki haihitaji kulishwa. Gegedu inahitaji. Haina mshipa wa damu hata mmoja, kwa hiyo lishe yake inatoka kwenye ute wa kiungo. Farasi anapokanyaga, uzito unaibana na maji yaliyomo yanasukumwa nje. Akiinua mguu, maji yanarudi ndani pamoja na lishe. Seli za ndani nazo zinahisi kule kubanwa na kuachiwa, ndipo zinaendelea kutengeneza vitu vinavyoyashika maji. Mfungie wiki baada ya wiki, seli zinazembea, gegedu inalainika. Halafu siku unapomfungulia anaondoka shoti kwa furaha, na kiungo kilichodhoofika kinabeba mzigo mzito kuliko yote.

Na ni mzito kweli. Farasi wa kilo 500 akisimama, miguu ya mbele inabeba kama asilimia 60 ya uzito, yaani takriban kilo 150 kila mguu. Akiwa shoti, kuna nukta mguu mmoja wa mbele uko chini peke yake, na nguvu inayoupitia hufikia karibu mara mbili na nusu ya uzito wake wote. Hiyo ni zaidi ya tani moja, na kwenye kifundo cha juu ya kwato inaangukia gegedu yenye unene wa karibu milimita moja tu!

Hapo ndipo farasi wa mbio wanapoumia, na mara nyingi shida iko pia kwenye mfupa ulio chini ya gegedu. Farasi akipigwa shoti kila mara bila kupumzishwa, mfupa huo unakuwa mgumu kupita kiasi, na gegedu inabaki kubanwa juu ya kitu kisicholegea. Kinachoniuma zaidi ni kwamba gegedu haina neva. Kufikia siku farasi anachechemea, maumivu yanatoka kwenye mfupa au kwenye utando unaozunguka kiungo, na gegedu ilianza kuharibika zamani. Ya farasi mkubwa ikishachanika hairudi ilivyokuwa.

Kwa watoto wa farasi jambo hili liko wazi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwagawa katika makundi matatu: waliofungiwa, waliofungiwa lakini wakitolewa kukimbizwa mbio fupi kali, na walioachwa malishoni pamoja na mama zao. Wa malishoni walikuwa bora. Waliofungiwa tu walichelewa kukomaa, wakafidia kiasi baada ya kuachiliwa. Kundi la kufungiwa na kukimbizwa ndilo lililoonyesha madhara yaliyokuja kujitokeza baadaye, kwenye uhai wa seli za gegedu. Nasisitiza hilo kwa sababu wenye farasi wengi wanafanya hivyohivyo: siku sita bandani, Jumapili anapigwa shoti.

Kwa huyo wako, anza na mikono. Asubuhi kabla hajatoka, weka mgongo wa kiganja juu ya kifundo, kisha kwenye cha mguu wa pili, ulinganishe joto. Pitisha kidole gumba nyuma ya mfupa, juu kidogo ya kifundo, kati ya mfupa na kano inayoshuka nyuma yake. Ukikuta kifuko kinachobonyea na kurudi, na hakipungui hata baada ya kutembea, kiungo kimejaa maji. Usichanganye na ule uvimbe wa mguu mzima wa farasi aliyelala bandani; huo kwa kawaida unashuka akitembea. Kisha kunja mguu taratibu: akiunyang'anya mapema upande mmoja kuliko mwingine, andika.

Kama vifundo ni vikavu na baridi, mwachie uwanja wa majani mchana kutwa, na wenzake watulivu. Mtembeze kwa mkono kila siku, kisha ongeza telki fupi (mwendo wa kati, kasi kuliko kutembea lakini si shoti) kwa mstari ulionyooka, ukiongeza muda kwanza na kasi mwisho kabisa. Kumzungusha kwa kamba kwenye duara dogo achana nako, kunakandamiza kiungo upande mmoja. Januari na Februari ardhi yetu ikikauka, punguza kasi, usipunguze kutembea.

Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya kiungo isiwe njia ya kumrudisha kazini haraka. Inaondoa maumivu, naye anakanyaga kwa nguvu zote juu ya kidonda asichokisikia.

Kifundo kikiwa na joto au maji, ita daktari wa mifugo kabla ya telki yoyote. Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa tu, gegedu yenyewe haionekani, kwa hiyo picha safi isikupe haraka. Na mwombe apige picha vifundo vyote viwili vya mbele, maana mguu mmoja ukiuma, wa pili umekuwa ukiubebea.