Juri akiwa sebuleni kwake, kesi anaiona?

SWALI: Habari mhariri, mi msomaji wenu wa huku Nkuhungu, Dodoma. Babu yangu zamani alikuwa anaitwa mahakamani kama mzee wa baraza kwenye kesi za mauaji, na mpaka leo anatuambia shahidi mwangalie miguu, mdomo utakudanganya. Sasa nasikia Marekani kipindi cha korona watu wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua mshtakiwa ana hatia au hana, walisikiliza kesi kwa Zoom wakiwa majumbani kwao, hivi hiyo miguu waliionaje?

JIBU: Hawakuiona dada, Zoom inakupa kichwa na mabega basi. Agosti 2020 kule Travis, Texas, waliendesha kesi ya jinai ya juri hivyo hivyo, ila ilikuwa ya trafiki tu, mwendokasi, siku moja imeisha. Kwa kesi kama hiyo mi sina shida. Shida ilionekana Alameda, California, mwaka huohuo kwenye kesi ya madini ya asbesto, mawakili wakalalamika kwamba kuna juri yuko kitandani na mwingine anafanya mazoezi huku kesi inaendelea! Ukiwa ukumbini jaji yuko mbele yako na mwenzako kakubana kiwiko, utasinziaje, lakini nyumbani kuna mtoto, kuna jirani anagonga geti, kuna simu, na mtandao ukikwama kidogo shahidi anaganda mdomo wazi, we unaona kama anatafuta uongo kumbe ni bando.

Na skrini inapoza huruma, ndo ninavyoona. Kule Chicago mahakimu walipoanza kusikiliza dhamana kwa video mwaka 1999, utafiti uliotoka 2010 ulikuta pesa ya dhamana waliyodai kwa kesi zilizohusika ilipanda wastani wa asilimia 51. Hao ni mahakimu wazoefu, sio juri aliyeitwa jana.

Kwetu Tanzania bara juri hakuna, wazee wa baraza wanatoa maoni ambayo hayamfungi jaji, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 jaji anaweza hata asiwaite kabisa. Kesi kwa video zipo, kanuni zake ni za 2021, na kwa mahabusu kuepushwa karandinga kwa ajili ya kutajwa tu ni nafuu kubwa.

Ila msalimie babu halafu muulize, mtu asiye na kosa akisimama kizimbani kwa kesi ya kunyongwa, miguu yake haitetemeki?