Maswali na majibu: Catalina 30 au J/30?

Swali: Shikamoo nahodha. Natafuta mashua ya tanga iliyotumika. Kati ya Catalina 30 na J/30, ipi nzuri?

Marahaba. Nzuri kwa kazi gani? Swali hili huja kila wiki, na kila wiki huja halina kichwa wala miguu. Utalala humo, utashindana, au utatembea tu? Niandikie tena ukishajua.

Swali: Vipimo nimevisoma. Zote ni za futi 30, mstari wa maji, yaani urefu wa mwili unaogusa maji, futi 25, na mkuku wa kawaida, ule uti wa chini ya mashua, unashuka kama mita 1.6. Mbona moja inaitwa ya mashindano na nyingine ya familia?

Wewe angalau umesoma, ila umeruka uzito. Catalina ina kilo 4,600 hivi, J/30 kama 3,200. Kasi hufungwa na mstari wa maji: chukua kipeuo cha pili cha 25, yaani 5, zidisha kwa 1.34, unapata noti 6.7, yaani maili za bahari kwa saa. Hapo zote mbili zinabanwa na wimbi wanalolizua zenyewe zikienda, kwa hiyo upepo ukichachamaa utaziona zinafuatana. Upepo ukilegea ndipo utajua nani ni nani. J/30, aliyoichora Rod Johnstone baada ya mashua yake ndogo, J/24, kupendwa, huondoka kwa upepo ambao Catalina bado inausubiri. Na wimbi likiibeba kwa nyuma, spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mbele, ikiwa juu, inaweza kuuvuka mpaka ule kwa muda, huku mwenzake akilima maji.

Wauzaji wa J/30 hawapendi kuzungumzia farumi, uzito wa chini unaozuia mashua isilale. Catalina inabeba kilo 1,900 hivi, J/30 nusu yake. Upungufu huo hujazwa na mabaharia waliojipanga ukingoni upande wa joshi, unakotoka upepo, miguu inaning'inia. Siku mko wawili tu, ni usiku, mwenzio amelala, nani atakaa pale? Utapunguza tanga mapema, na kasi uliyoilipia imekwenda.

Swali: Mimi na mke wangu tunataka kuhamia ndani ya J/30 moja kwa moja, na kila Jumamosi tushindane nayo. Inawezekana?

Kwa mwezi wa kwanza, ndiyo. Kisha piga hesabu. Maji lita 200 ni kilo 200. Mnyororo wa nanga wa milimita 8, mita 50, ni kilo 70 na ushei. Ongeza betri, vifaa vya ufundi, sufuria, nguo, vitabu vya mama na kinanda unachosema utajifunza. Kilo 600 zinafika bila kuaga. Kwa J/30 hiyo ni karibu moja ya tano ya uzito wake. Kwa Catalina ni kama moja ya nane. Mashua nyepesi ndiyo inayoumia kwa mizigo, na nyepesi ndiyo uliyoinunua.

Jirani yangu mmoja gatini alikuwa anashusha nyumba nzima kila Ijumaa jioni. Ijumaa moja mvua ilimkuta kazini. Magodoro mawili na pipa la unga vikalala gatini vimelowa chapachapa, naye Jumamosi akashika nafasi ya mwisho kasoro moja. Kama mnahamia kweli, chukueni Catalina. Mtu mrefu anasimama wima ndani, na mashindano unaweza kuyapata kwenye mashua ya mtu mwingine. Watu wa kukaa joshini hawatoshi kamwe.

Swali: Nikibadilisha jina la mashua nitapata nuksi?

Hapana. Kagua boliti za mkuku.

Swali: Catalina niliyoiona ina injini ya zamani ya petroli. Niogope?

Uiheshimu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya mashua, ukisubiri cheche. Washa feni ya kuutoa dakika nne nzima, kisha nusa ngama kwa pua yako mwenyewe ndipo uwashe injini. Ukikuta nyingine yenye dizeli na hali nzuri, nenda kwa dizeli.

Swali: Ipi kati ya hizo itahimili dhoruba katikati ya bahari?

Hujaniambia wewe utahimili nini. Katika mashindano ya Fastnet ya 1979, ya mashua za tanga kutoka Uingereza hadi mwamba wa Fastnet huko Ireland na kurudi, zilianza mashua 303, dhoruba ikaua washindani 15. Mashua 24 ziliachwa na watu wake, na kati ya hizo ni 5 tu zilizozama. Zilizobaki zilikutwa zikielea. Hizi zako zilichorwa kwa safari za pwani. Jifunze kwanza kupunguza tanga gizani bila kuwasha taa.

Swali: Muuzaji wa J/30 anasema sitaha kubonyea kidogo ni kawaida ya umri. Kweli?

Kawaida ya umri wake yeye, labda. Sitaha ya J/30 ni faiba juu na chini, katikati mti wa balsa, na ubavu nao ni hivyohivyo. Maji yakiingia kwenye tundu la skrubu, balsa huoza kimyakimya. Niliwahi kununua mashua kwa kuamini "kidogo" ya namna hiyo. Nilipofungua skrubu ya kwanza ya mshikio, maji yalitiririka rangi ya chai ya rangi.

Catalina si malaika: za zamani hupata ufa mbele, mkuku unapoungana na mwili, wenyewe wanauita tabasamu, na mbao iliyo chini ya mlingoti huoza. Ila ubavu wake ni faiba tupu.

Nenda na mpini wa bisibisi, gonga kila shubiri. Pazuri hulia ko, ko. Palipooza hulia bu. Zungushia chaki kila bu, muuzaji akiwa amesimama hapohapo anakutazama, ndipo muongee bei.