Ulielewa, au uliitikia tu?

Juzi usiku nimepata meseji ya mdogo wetu mmoja aliyefika Ujerumani Oktoba iliyopita. Salamu ndefu, shikamoo dada, pole na majukumu, halafu mstari mmoja: "Dada, cheti cha Kijerumani cha ngazi ya C1 ninacho, lakini nikiingia darasani sielewi kitu, naona aibu hata kuuliza, nafikiria kurudi." Nimeisoma mara tatu. Nilitaka kujibu pale pale nikashindwa, maana mstari ule ningeweza kuuandika mimi miaka minne iliyopita. Tofauti ni kwamba mimi sikumwandikia mtu.

Marahaba mdogo wangu. Najibu hapa ili na wengine wasome.

Mwezi uliopita nimetetea tasnifu yangu ya shahada ya kwanza ya uhandisi. Kwa Kijerumani, kuanzia neno la kwanza hadi swali la mwisho, na nikapata 1.7. Kwa asiyejua, alama za Ujerumani zinashuka kadiri unavyofanya vizuri: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umeanguka. Naanza na hilo kwa sababu mtihani wangu wa kwanza chuoni, Technische Mechanik (mekanika ya uhandisi), nilipata 5.0. Kwetu Tanzania GPA ya 5 ndiyo kilele. Mama aliniuliza kwa simu matokeo vipi, nikamtajia namba tu, nikasikia vigelegele. Sikumsahihisha.

Mwaka wa Studienkolleg naupita haraka. Ni maandalizi ya mwaka mmoja kwa sisi ambao cheti cha kidato cha sita hakikutosha kutuingiza chuo moja kwa moja. Nilisoma kozi T, ile ya wanaoelekea uhandisi, nikafaulu vizuri, nikaamini Kijerumani nimekimaliza. Sikujua kwamba walimu wa pale wanajua wanaongea na wageni. Wanapunguza kasi, wananyoosha sentensi, wanakutazama usoni.

Chuoni profesa anaongea na ubao. Kijerumani kina tabia ya kuweka kitenzi mwishoni kabisa, hasa sentensi ikiwa ndani ya sentensi nyingine. Sisi tukisema "alipomwona", neno moja limeshakupa nani, lini, kafanya nini na kamfanyia nani. Kule unapewa mashine, unapewa nguvu, unapewa pembe na sharti lake, vyote unavibeba unasubiri kuambiwa vimefanya nini, na kitenzi kinapofika mwenzako ameshaingia sentensi inayofuata. Namba nazo wanaanza na mamoja: ishirini na saba ni "saba na ishirini". Daftari langu la muhula wa kwanza limejaa 72 zilizotakiwa kuwa 27. Nilikuwa napiga msuli hadi usiku wa manane, natafuta kosa kwenye fomula, kumbe kosa liliingia kwa sikio.

Lakini lililoniangusha halikuwa hilo. Lililoniangusha ni kuitikia.

Nilikuwa naitikia kila kitu. Mtu akiongea natikisa kichwa, nasema "ja, ja", ndiyo, ndiyo, natabasamu. Wenzangu wakaanza kusema mimi ni mtu mpole, mkimya. Mimi! Nyumbani nilikuwa naambiwa ninyamaze wageni wapate nafasi ya kuongea. Ule ukimya wakauona ndiyo tabia yangu, na kidogo kidogo nami nikaanza kuamini.

Nitakupa mfano ambao mpaka leo unaniuma. Nilisoma jimbo la Sachsen, na huko mashariki saa wanazitaja kwa namna yao. Kundi langu la maabara lilipanga kukutana "viertel zehn", robo ya kumi. Nikaelewa saa kumi na robo, yaani kwa saa zetu saa nne na robo asubuhi. Kumbe kwao ni robo ya kwanza ya saa inayoelekea kumi: tisa na robo, saa tatu na robo yetu. Nilifika saa nzima nimechelewa, wameshagawana kazi. Wakaniachia kupanga picha na kutengeneza jalada la ripoti. Mmoja akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba hiyo itakuwa rahisi kwangu. Nikasema "ja, gut". Hesabu zote za ripoti ile nilikuwa nimeshazifanya usiku, ziko kwenye begi mgongoni kwangu. Sikuzitoa. Sentensi ile sijaisahau, na sitasema nimesamehe wakati bado.

Sasa ile 5.0. Ujerumani una haki ya kwenda kuiangalia karatasi yako iliyosahihishwa, kuna siku wanaitangaza, wanaiita Klausureinsicht. Wengi wetu hatuendi kwa sababu ya aibu. Mimi nusura nisiende. Nikaenda, nikakuta swali lenye alama nyingi kuliko yote limepigwa mstari mwekundu toka juu hadi chini. Swali lilieleza kwa maneno boriti ambayo upande wa kushoto ni "eingespannt". Neno hilo nilikuwa nimelisikia kila wiki kwenye kipindi cha mazoezi, na kila wiki nimetikisa kichwa. Kwenye mtihani nikalichora kama bawaba.

Msaidizi wa profesa akaniuliza, unajua "eingespannt" ni nini? Kwa mara ya kwanza tangu nifike chuoni nikasema "nein", hapana. Akachukua rula, akaibana ncha moja ndani ya ngumi, akaniambia nisukume ile ncha nyingine chini. Nikasukuma. Nikaona mkono wake unavyokaza kuizuia rula isizunguke. Kisha akaachia ngumi, akaishika kwa ncha za vidole viwili tu, nikasukuma tena, rula ikaanguka chini. "Ile ya kwanza ndiyo eingespannt," akasema. Boriti iliyobanwa ukutani inazuiwa isizunguke, kwa hiyo kuna momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, pale ukutani, na mimi nilikuwa nimeiacha. Kila namba iliyofuata ikawa na makosa. Maelezo yale hayakufika dakika mbili. Muhula mzima nilioupoteza ulikuwa ndani ya dakika mbili ambazo sikuziomba.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo nikalia. Nilikuwa nalia hasira, siyo huzuni. Fizikia nilikuwa naijua!

Basi mdogo wangu, sikiliza. Usiitikie kitu usichokielewa. Ukisema "sijaelewa", watarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, na utaona aibu zaidi. Taja neno. "Was heißt eingespannt?", yaani eingespannt maana yake nini? Ukitaja neno, mtu analeta rula. Kila profesa ana saa yake ya kupokea wanafunzi, Sprechstunde. Nenda na maneno matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi, siyo na machozi. Muhula wa pili nilienda karibu kila wiki, nikarudia mtihani nikapata 2.3. Na kwenye ratiba ukiona "10 c.t.", kipindi kinaanza saa kumi na robo yao, ile robo saa ni yako, wahi ukae mbele, kwa sababu nyuma ndiko tunakojifunzia kuitikia.

Jioni chukua ulichosomeshwa ujieleze mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sauti. Usiwasikilize wanaosema ukiwa kule uache Kiswahili kabisa. Mimi boriti iliniingia vizuri siku nilipomweleza dada mmoja wa Mombasa jikoni kwetu, huku tunakata vitunguu. Kama huwezi kulieleza kwa lugha uliyozaliwa nayo, ujue hukulielewa, uliitikia. Na msiogope lafudhi, jamani. Shule yenyewe tunayoitaja kila siku imetoka kwenye "Schule" yao, tukaitamka tunavyotaka, ikawa yetu. Nasi tuna haki ya kuvunja vunja lugha ya watu tukiwa tunaijenga ndani yetu. Vijana wetu wanapoteza miaka kwa kuogopa kuchekwa na watu ambao wakimaliza chuo hawatawaona tena. Mnavumilia baridi, mnavumilia upweke, halafu mnashindwa kusema neno moja, "nein"?

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu gharama yake naijua. Katika vyuo vingi mtihani mmoja una nafasi tatu tu, ukianguka ya tatu umedisko, unaondolewa masomoni, na kibali cha kuishi kimefungwa kwenye masomo hayohayo. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya kurudi, nenda kwenye Sprechstunde mara moja. Wiki hii. Maneno matatu. Ukitoka, niandikie uniambie ni maneno gani.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama kumpa habari ya tasnifu. Nikamwambia 1.7, akanyamaza. Ikabidi nimweleze hesabu yao, kwamba moja ndiyo juu na tano ndiyo chini. Akanyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Kwa hiyo ile tano ya mwaka ule?"

Nikavuta kiti, nikakaa, nikamweleza.